Mkeka wa Ghorofa ya Juu

Habari hii hamtaiamini, wala sitawalaumu. Padre wetu, ambaye kazi yake ni kuamini mambo makubwa kuliko haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Lakini nitaisimulia vilevile, maana katika mtaa wetu wote wa Pawtucket, huku upande wa baridi wa Marekani, hajazaliwa mtu wa kunizidi kusimulia. Tena Zulmira, mwenye habari hii, ameketi hapa mbele yangu anachambua maharage ya kachupa, pure yetu ya mahindi na maharage. Nimempa ruhusa: mimi Ludgero nikitia chumvi, anikate.

"Utatia chumvi kabla hujafika mlangoni," anasema.

Basi tuanzie mlangoni.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, ghorofa mbili, ngazi ya mbele na ngazi ya nyuma, moja ya zile walizojengewa zamani wafanyakazi wa viwanda vya nguo: familia moja chini, nyingine juu. Mtaa mzima uko hivyo. Hapa juu Waliberia, chini Wakolombia. Pale juu Wareno, chini mzee wa Kiairishi aliyekataa kuhama wenzake walipohama, na sasa anakula pilipili kuliko Waliberia. Na sisi watu wa kisiwa cha Fogo, Kaboverde, tumejaa kila pahala kama maharage ndani ya chungu. Zulmira na kaka yake Aniceto waliinunua pamoja wangali vijana. Dada alikuwa akifunga hereni za bandia kiwandani, kaka akipiga plasta kwenye nyumba za watu. Hati moja, majina mawili. Zulmira akachukua chini kwa ajili ya kijibustani cha nyuma, Aniceto na mkewe wakachukua juu. Mke akafariki mapema, akaacha binti mmoja, Neusa, na Zulmira ndiye aliyemlea nusu: mtoto anakula chini, analala juu.

Sasa sikilizeni. Kila asubuhi Aniceto akitoka kitandani hupiga kisigino sakafuni mara mbili. Ngu, ngu. Maana yake: nimeamka, teleka kahawa. Chini Zulmira hujibu kwa mti wa ufagio darini. Ngu. Maana yake: shuka, mvivu wewe. Wakiwa wamegombana, na hao walikuwa wakigombana mpaka kwa sababu ya nyanya, Zulmira hajibu. Basi Aniceto hushuka bila kuitwa, akaketi, akanywa kahawa yake kimya, na ugomvi ukaisha vikombe vikioshwa.

Neusa alikua, akaolewa, akaenda kukaa Florida, huko wasikojua koti. Akapata wavulana wawili. Kila mwaka alipopiga simu alisema, "Mwakani tunakuja, baba." Aniceto akawa anamwambia dada yake, "Hawaji kwa sababu hapa pabaya. Utamleta nani kwenye kuta zenye nyufa namna hii?" Na kweli, mtu aliyelainisha nusu ya kuta za mji huu alikuwa akilala chini ya dari inayomdondokea unga. Alipostaafu, akaanza kazi.

Jamani, alifanya kazi. Alibomoa mpaka ukabaki unaona mifupa ya nyumba. Akaweka nyaya mpya, mabomba mapya, madirisha mapya yasiyopitisha baridi. Kuta akazipiga plasta mpaka ukipitisha kiganja unadhani ni shavu la mtoto. Jiko akalipaka kijani, rangi aliyoipenda Neusa alipokuwa darasa la kwanza. Karibu na mlango akapigilia kulabu za makoti, mbili kati yake chini sana, kimo cha kiuno, kwa ajili ya wale wavulana. Vigae vya bafuni nilivipanga mimi mwenyewe, na mpaka leo hakuna hata kimoja kilichopinda.

"Vilibanduliwa vyote," anasema Zulmira. "Aniceto alikuwa akivirudia wewe ukishaenda kwako."

Haya. Vigae tuviache.

Fahari yake ilikuwa sakafu. Aliweka mbao tabaka mbili, na katikati akalaza pamba nene ya kuzuia sauti. "Wale watoto watarukaruka," aliniambia, "na dada yangu ameshazeeka. Sitaki wamsumbue kichwa." Ilimla mgongo, ile sakafu. Alipomaliza aliipaka vanishi akangoja ikauke, akalala juu yake usiku wa kwanza. Asubuhi akaamka, akapiga kisigino.

Chini Zulmira alikuwa amesimama na ufagio wake, anangoja. Kimya. Akaanza kuwaza mabaya. Mara kaka mtu huyo, anashuka ngazi ya nyuma akichechemea.

"Mbona hujibu? Nimepiga mpaka kisigino kinawaka moto."

"Hujapiga."

"Nimepiga, bwana!"

"Aniceto, mimi si kiziwi. Hujapiga."

Wakatazamana. Wakaelewa wote kwa pamoja, wakaangua kicheko mpaka kahawa ikafurika jikoni. Walicheka sana siku ile. Lakini tangu hapo asubuhi zikawa bubu. Zulmira alikuwa hajui kama kaka yake ameamka mpaka aone ndara zake zinashuka ngazini, na alikuwa anaishi akiitazama ile ngazi.

Nyumba ilipokamilika, Aniceto akapanda ndege kwenda Fogo kuhudhuria sikukuu ya mtakatifu wa mji wao. Msingi wa safari ulikuwa kujisifia sakafu, msinidanganye. Akajisifia hadi siku ya tatu. Siku ya nne, ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba ya binamu, glasi mkononi, anaeleza habari ya pamba ya katikati, akanyamaza. Walidhani anatafuta neno.

Kule joto halingoji mtu. Walimzika kesho yake. Binamu walimpigia simu Zulmira kaka yake ameshawekwa ardhini, na Zulmira mwenye nyonga mbovu, asiyeweza kukaa ndani ya gari mpaka uwanja wa ndege wa Boston, ndiye aliyempigia Neusa. Neusa alilia, kisha akauliza, "Shangazi, kuna nini huko sasa?" Zulmira akajibu, "Hakuna. Wameshamzika."

Hilo neno mliweke. Hakuna.

Maana siku ileile, simu ilipokatika tu, Zulmira alituita majirani, tukapanda naye juu, tukatandika mkeka wa matanga. Desturi yetu ni hiyo, hata maiti awe ng'ambo. Mkeka chumba cha mbele, shuka nyeupe juu yake, msalaba wa kitambaa cheusi, mshumaa, glasi ya maji. Watu wanavua viatu, wanakaa, wanasali siku saba. Siku ya saba wa damu wanauinua mkeka kwa kilio, marehemu anaachiwa aende zake, na nyumba inafagiwa mpaka barazani. Kabla ya hapo hakifagiwi kitu kwenda nje, hakiuzwi kitu, hakihamishwi kitu. Mkeka ukiwa chini, mwenye nyumba bado ni marehemu.

Siku ya saba ikafika. Biskuti zimeliwa, grogu, pombe yetu ya miwa, imenyweka, wanawake wamekohoa kusafisha koo tayari kwa kilio. Zulmira akasema, "Bado."

"Bado nini, dada?" nikamuuliza.

"Mtoto wake hajaja."

Tukaona ni haki. Mtoto ndiye wa kwanza kushika ncha ya mkeka. Tukavaa viatu, tukaenda. Zulmira akakaa anamngoja Neusa aje, na kila siku iliyopita bila Neusa kuja ilimuuma, ikazidi kumuuma, mpaka ikageuka kitu kingine. Mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu, akawa anasema. Baba yake amekufa, hata hajatia mguu.

Majani yalipoanza kuanguka, Neusa alipiga simu. Alisema ameifikiria sana ile nyumba. Nusu ya baba yake sasa ni yake na hana la kuifanyia. Alisema nyonga ya shangazi haiwezi ngazi wala theluji, na kuna jengo zuri la wazee, lina lifti. Waiuze. Zulmira aliposikia neno kuuza hakusikia lililofuata.

"Sawa, mwanangu," alisema, sauti ya asali. "Lete dalali."

Akakata simu, akapanda ngazi moja moja mpaka juu, akabadilisha maji ya glasi na kuwasha mshumaa mpya. Hapo ndipo matanga ya Aniceto yalipogeuka kufuli.

Dalali alikuwa kijana wa Kikolombia, Wilmer, viatu vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Yeye anasema Kihispania, Zulmira anajibu Kikrioli, kila mmoja anajifanya hamwelewi mwenzake pale penye faida. Bango la kuuza likasimikwa, Jumapili wanunuzi wakaalikwa.

"Bibi," Wilmer akasema chumba cha mbele, "nyumba ni lulu. Itaenda leo. Huu mkeka tu, tuukunje kidogo?"

"Wewe unaweza kumkunja mtu aliyelala?"

"Kuna mtu?"

"Kaka yangu."

Wilmer akautazama mkeka. Akavua kofia. Ni kijana mwenye malezi.

Mlango ukafunguliwa. Wakaja mke na mume wa kwetu, wanapanda ngazi wakipiga soga, wanasifu madirisha. Walipoona mkeka walikatiza soga, wakajipiga ishara ya msalaba, wakashuka kwa ncha za vidole. Jumapili ya pili akaja mama mmoja wa Fogo, akavua viatu, akakaa, akasali rozari nzima, akauliza kama kuna kahawa, akanywa, akaenda zake. Hakuuliza hata bei. Wakaja Waliberia. Mume anagonga kuta na kutikisa kichwa kwa furaha, mke akamshika kiwiko, akamnong'oneza, wakatoka kinyumenyume. Wakaja vijana wawili wa kizungu kutoka Boston, wao wakaupenda mkeka. Walidhani ni pambo. Wakauliza kama unauzwa pamoja na nyumba.

"Unauzwa pamoja na mwenyewe," Zulmira akawaambia kupitia kwa Wilmer. "Hutembea kwa kisigino. Mkizoea hamtamsikia."

Nao wakakumbuka kwamba wameegesha gari vibaya.

Mtaa ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza kila Jumapili dukani nani amekimbia na amekimbiaje, na pengine niliongeza mmoja wawili. Lakini aliyekuwa akiufunga mlango Wilmer akishaondoka ni Zulmira. Alikuwa akirudi kukaa karibu na mkeka, nyonga inamwuma, kuta za kijani zinamtazama, sakafu imenyamaza. Hakulia. Tangu ile simu ya Fogo hajatoa chozi. Aliweka kilio akiba kwa siku ya mkeka, na sasa mkeka una zamu ya ulinzi. Mlinzi halii akiwa kazini. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba kilio chenyewe kimeganda humo ndani.

Kisha wakaja kina dada wawili wa Guatemala, Yesenia na Maribel, na waume zao. Mmoja anataka juu, mwingine anataka chini. Walikwenda kila chumba wakiitana kwa ngazi ya nyuma, huyu anapaza sauti huku, huyu anacheka kule. Walipofika chumba cha mbele walipiga magoti bila kuulizwa, wakasali, wakainuka. Yesenia akamwambia Wilmer kitu, Wilmer akamgeukia Zulmira.

"Wanasema pole. Wanasema wanaitaka nyumba, na watangoja mpaka umalize."

Zulmira alitafuta la kuwatishia, hakuliona. Akasema, "Mtoto wake hajaja," akashuka chini akajifungia.

Basi Wilmer akampigia simu Neusa. Akamweleza kila kitu, mkeka, mshumaa, glasi ya maji, na ile kauli ya mtoto hajaja.

Neusa alifika juma lile lile, ndege ya asubuhi, arudi na ya jioni, kikoti chembamba cha watu wa jua, midomo imekauka kwa baridi. Zulmira alikuwa ameandaa maneno. Aliyapanga kama mtu anayepanga mawe ya kurusha. Neusa hakumpa nafasi. Alipita ngazi ya nyuma moja kwa moja mpaka juu, na shangazi akamfuata, mkono ukutani.

Akaliona jiko. Akasimama. Akaona kulabu za makoti, akainama akashika ile ya chini.

"Hii ya nani?"

"Ya wanao."

"Shangazi, mkubwa ananizidi kimo. Ana ndevu."

"Baba yako alikuwa na picha ya zamani," Zulmira akasema.

Neusa akaendelea mpaka chumba cha mbele, na pale akauona mkeka. Mshumaa ulikuwa unawaka.

"Ni kweli basi," akasema. "Mpaka leo."

"Tunakungoja wewe."

"Mimi?" Akageuka. "Mnaningoja mimi? Mimi nilikuuliza. Nilikuwa nimesimama chumbani, begi limeshafungwa, nikakuuliza kuna nini huko. Ukaniambia hakuna."

"Hakuna mazishi, nilimaanisha. Ameshazikwa."

"Hukusema mazishi. Ulisema hakuna. Nikalifungua begi, nikarudisha nguo kabatini. Nikasema shangazi hataki niende. Amenikasirikia kwa sababu ya zile mwakani, mwakani."

"Mwanangu, mkeka upo siku zote. Nani asiyejua?"

"Nani aliyeniambia? Nilikuwa mdogo mama alipokufa, mlinipeleka kwa jirani kulala. Mimi mkeka nilikuwa nasikia tu."

Ndipo Zulmira alipoyaona yale mawe yake yote yamelala chini. Alikuwa amewaambia watu wote wa mtaa kwamba mtoto hajaja, amewaambia wanunuzi, amemwambia padre. Mtoto mwenyewe hakumwambia.

Neusa alivua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni asiyejua aketi wapi, akapitisha kiganja kwenye mbao. "Aliipiga vanishi vizuri," akasema, na hapo akaangua kilio.

Desturi inataka mkeka uinuliwe alfajiri, watu wamejaa. Uliinuliwa mchana kweupe, nyumba tupu, kwa sababu ya ndege ya jioni. Niliitwa mimi kushika mlango na kuzima mshumaa. Zulmira hakuweza kupiga magoti, nyonga ilikataa, Neusa akamshika chini ya makwapa akamteremsha kidogo kidogo, kama anavyoteremshwa mtoto kwenye beseni. Wakashika ncha mbili. Na ile akiba ya Zulmira ikatoka. Sitaieleza. Nilitazama vigae vya bafuni, ambavyo ninakiri vimenyooka.

Walipomaliza walikunja shuka, wakamwaga maji ya glasi ngazini, Neusa akafagia kutoka chumba cha mbele mpaka barazani. Vumbi lilikuwa kidogo mno kwa miezi ile yote.

"Shangazi," akasema, ufagio mkononi, "ukitaka kubaki, ubaki. Wilmer nitamwambia aondoe bango. Nilidhani hutaki hata kuniona humu ndani, ndiyo maana nilitaka iishe."

Angesema ndiyo, angekuwa humo mpaka sasa. Mimi nilikuwa mlangoni, nilimwona ameufungua mdomo. Alitazama dari, kisha sakafu.

"Nikae nimsikilize nani?" akasema. "Wape wale dada wawili. Wanaitana vizuri."

Kwa hiyo sasa yuko hapa kwenye jengo la lifti, ghorofa ya mwisho kabisa, juu yake theluji tu. Mkeka uko nyuma ya kabati. Kachupa anapika ya chungu kizima kama zamani, na sisi tunakuja kuimaliza, tunamwambia hatuna njaa.

Lakini ile siku haikuishia ufagioni. Teksi ilipofika, Zulmira alimwambia Neusa, "Ngoja. Panda juu mara moja. Vua viatu, simama pale kilipokuwa kitanda cha baba yako, piga kisigino mara mbili. Kwa nguvu." Neusa hakuuliza kwa nini. Zulmira akaingia jikoni kwake chini, akauchukua ufagio, akasimama palepale alipokuwa akisimama, uso juu. Mimi nilikuwa kando yake. Na huko juu yule binti, mwana wa baba yake, akauinua mguu, akaushusha kwa uchungu wake wote, ngu! ngu!, na jamani, ile sauti ikapenya mbao za juu, ikapenya pamba, ikapenya mbao za chini, vikombe vikatikisika kabatini, na Zulmira akaisikia wazi kama zamani, kama Aniceto mwenyewe ndiye ameamka na anataka kahawa, uso wote ukamng'aa na—

"Sikusikia kitu, Ludgero," anasema Zulmira. "Nilijibu tu."